Yah: Maombi ya cheki namba kwa ajili ya ringi

Mheshimiwa Mgawa Dakika,

Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako chenye magurudumu, na kwamba kikao cha leo kilichopangwa kuanza saa tatu kimeanza saa tano na kitakwisha kitakapokwisha. Nalitaja hilo kwa heshima, wala si kwa husuda. Jambo zito halikatwi katikati. Mtu akiwa bado anajenga hoja yake, hakuna anayekuja kugonga chuma dirishani. Hata ile semina ya kutuelekeza namna ya kutumia vizuri dakika 40 za kipindi ilikula siku nzima, na chai peke yake ilipewa nusu saa.

Mimi ni mwalimu wa kemia kwenye sekondari ya kata. Kidato changu cha nne kina vijana themanini na ushee, na kwenye tawi la mwembe mbele ya ofisi ya mkuu limening'inia ringi la lori. Ndiyo kengele yetu. Nitamrudia huyo ringi kwa kirefu, maana ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Chukua Jumanne yoyote. Kwa mujibu wa ratiba, kipindi changu cha kemia kinaanza saa 3:20 asubuhi. Kwa mujibu wa ratiba hiyo hiyo, kipindi changu cha fizikia kidato cha pili, ng'ambo ya uwanja, kinaisha saa 3:20. Si 3:15, Mheshimiwa, 3:20. Ratiba inaamini mwalimu anaweza kutoka darasa moja akaingia jingine, na chaki mkononi, bila kutumia hata sekunde. Mimi ninafundisha na fizikia pia, kwa kuwa mwalimu wa fizikia hatuna, na mwendo wa namna hiyo sijaukuta kwenye kitabu chochote.

Basi nafika. Vijana wanasimama, wanasalimia, wanakaa. Monita analeta daftari la vipindi. Tunahamia maabara. Bureti ziko sita, kwa hiyo kila moja ina vijana kumi na tatu au kumi na nne: mmoja anashika, wawili wanaona, waliobaki wanapokea habari kutoka kwa walioona. Maji ya kusuuzia yako kwenye ndoo na kata moja. Tindikali inamiminwa juu, besi inapimwa kwa pipeti, matone mawili ya kiashiria cha MO yanadondoshwa, maji yanakuwa manjano. Hapo sasa ndipo kemia inapoanza. Binti aliyeshika koki anaifungua kidogo kuliko alivyowahi kufungua kitu chochote maishani, linadondoka tone, anatikisa chupa, jingine, anatikisa. Wenzake wameinama hadi vichwa vinagongana. Manjano yanaanza kuyumba. Limebaki tone moja, pengine nusu tone, rangi igeuke, na mtoto huyu aone kwa macho yake kile nilichomwandikia ubaoni tangu mwaka jana.

Ringi linapigwa.

Mwalimu wa historia keshafika mlangoni, vitabu kifuani, ananitazama kama mpangaji anayengoja mwenzake atoke bafuni. Simlaumu, na yeye ana dakika zake 40 za kupigania. Jaribio linataka kipimo cha kwanza cha kukadiria na vingine vitatu vya uhakika. Sisi hatujamaliza hata cha kukadiria. Tunamwaga kila kitu kwenye ndoo, tunasuuza, na kipindi kijacho tutaanza upya tangu kusuuza. Monita ananifuata na daftari, nasaini kwenye mstari unaosema kipindi kimefundishwa.

Kimefundishwa! Mwaka baada ya mwaka ninasaini uongo huo kwa kalamu yangu mwenyewe, kisha mdhibiti ubora anakuja na gari, anafungua daftari, anakuta saini zimekamilika, anaandika kwamba vipindi vinafundishwa ipasavyo lakini mada haziishi, na anashauri mwalimu aongeze bidii. Bidii ya kufanya nini? Ya kudondosha tindikali kwa ndoo?

Uniwie radhi. Nilikuwa nasema kwa heshima.

Usiniambie kuna dabo, yaani vipindi viwili mfululizo. Naijua. Dabo yetu ya Alhamisi imewekwa kipindi kimoja kabla ya mapumziko na kingine baada ya mapumziko, kwa hiyo ni vipindi viwili vilivyotenganishwa na uji. Ile ya Ijumaa iko mwisho wa siku, wakati nusu ya darasa wamekwenda kuswali kwa haki yao na nusu iliyobaki wameshika mafagio tayari kwa usafi. Lakini kwenye karatasi zote mbili zinasomeka dakika 80, na karatasi ndiyo mnayoikagua.

Na dakika 40 zenyewe si 40. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na watoto walitoka shule za msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili. Kwa hiyo nasema sentensi kwa Kiingereza, nawatazama usoni, naisema tena kwa Kiswahili. Somo linafundishwa mara mbili ndani ya muda wa mara moja. Halafu tangu mtaala wa 2005 tunahimizwa kwamba mwanafunzi ndiye kitovu: ajadili, achunguze, agundue. Nimelipokea hilo kwa moyo mweupe. Ukigawa dakika 40 kwa vijana themanini, kila mmoja ana nusu dakika ya kugundua, akigawana na mwenzake aliye nyuma ya nguzo. Andalio la somo tulilolizoea linataka utangulizi dakika 5, maarifa mapya 15, kuimarisha 10, tafakuri 5, hitimisho 5. Tafakuri dakika 5! Nawaambia watafakari, wanatazama mwembe.

Mwaka 2012 Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, wazazi wa hapa walichanga tofali kwa tofali, wengine waliuza mbuzi. Majengo yalisimama. Muda wa kuyatumia haukuchangishwa.

Sasa maombi yangu. La kwanza na kubwa: naomba Mwalimu Ringi aajiriwe.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Katika shule yetu ndiye pekee anayeamua mwanafunzi ajue nini na asijue nini. Mimi naweza kupanga mada, lakini yeye ndiye anayesema imeisha. Hajawahi kuchelewa kwa sababu ya mvua, hajawahi kuomba ruhusa ya msiba, hana mtoto wa kupeleka kliniki. Uhakiki wa vyeti ulipopita kote nchini ukawaondoa watu kazini, yeye hakutikisika, maana hana cheti, na asiye na cheti hawezi kuwa na cheti feki. Mtu wa namna hii anafanya kazi ya taifa bila cheki namba, Mheshimiwa, na hilo linaniuma.

Naomba aanzie TGTS D, ngazi ya mshahara ya wenye shahada. Asianzishwe chini kama mwenye cheti, kwa kuwa uzoefu wake wa barabarani, kabla hajang'olewa kwenye lori, ni mrefu kuliko wa wengi wetu. Apewe posho ya kujikimu ya siku za mwanzo, ingawa kwa kuwa anaishi mtini gharama zake ni ndogo na unaweza kumcheleweshea kama mlivyotucheleweshea sisi. Awe na bima. Ana ufa upande wa kushoto, unaomfanya asikike kama sufuria siku za baridi, na hajawahi kuonwa na daktari. Ajaze PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wetu, kila wiki, na kwenye kipengele cha malengo aandike: kukatiza. Utekelezaji asilimia mia. Nina hakika mfumo utamkubali mara ya kwanza bila kugoma, jambo ambalo halijawahi kunitokea mimi.

Likizo ya kila mwaka itabidi apewe pia, na hapo kutakuwa na pengo. Napendekeza akaimiwe na kipande cha reli kilichoko shule ya jirani, ambacho sauti yake ni kali zaidi na kinaweza kukatiza hata jaribio la biolojia. Suala la familia lisisahaulike. Lori lile lina ringi mwenzake ambaye mara ya mwisho alionekana gereji moja mjini, bado yuko kwenye ekseli. Kwa hiyo baada ya miaka mitatu Mwalimu Ringi ataomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na nakuomba usimwambie kwamba kibali kinasubiri mbadala. Alipe makato ya mfuko wa hifadhi. Siku akistaafu, kikokotoo cha mafao kitumike juu yake kama kitakavyotumika juu yetu, apewe sehemu tu ya kile alichotarajia na barua ya shukrani. Nadhani hapo ndipo kwa mara ya kwanza ataelewa maana ya kukatizwa kabla rangi haijageuka.

Akishaajiriwa, aje kwenye vikao vya tathmini. Matokeo ya kemia yakitoka mabaya, asimame yeye, aulizwe yeye, atetemeke yeye mbele ya afisa elimu, nami nikae nyuma nikila karanga.

Maombi mengine ni madogo, wala sitayapamba. Tindikali zote zipelekewe waraka wa kumaliza mmenyuko ndani ya dakika 22, na nakala wapewe besi. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ambao mtoto hukaa saa tatu mfululizo kwenye karatasi moja, ukatwe vipande: swali la kwanza la kemia, ringi, swali la kwanza la historia, ringi, hadi jioni, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha kufikiri kwa miaka minne. Neno majadiliano lifutwe kwenye muhtasari wa somo. Vitabu vya mazoezi vijisahihishe.

Utanijibu kwamba vipindi virefu vina hatari zake. Ni kweli, na nakupa hoja hiyo bure. Mwalimu anayesomesha notisi kwa dakika 40, ukimwongezea nyingine 40 atasomesha notisi kwa dakika 80, na watoto watasinzia mara mbili. Wamarekani waliufungua ubishi huu zamani. Tume yao ya taifa ilitoa ripoti mwaka 1994, wakaiita Prisoners of Time, ikilia kwamba shule zimefungwa na saa. Sekondari nyingi za kwao zikaingia kwenye vipindi vya dakika 90, na watafiti wanabishana hadi leo kama alama zilipanda kwa sababu hiyo. Ufini kipindi ni dakika 45 hivi, hakijatuzidi kwa lolote la maana, ila hufuatwa na mapumziko ya dakika 15, ili mtoto apumue na mwalimu atembee kama mwanadamu.

Kwa hiyo sikuombi dakika 80 kwa kila somo. Hesabu na Kiswahili vinafaidika kuguswa kila siku, hata kidogo kidogo, na hakuna mtoto wa kidato cha kwanza awezaye kustahimili dakika 80 za sarufi ya Kiingereza na njaa. Naomba kwa somo lenye maji, moto na chupa. Siku moja kwa wiki. Vipindi viwili vilivyoshikana kweli, asubuhi, bila uji katikati, na dakika 5 za kuvuka uwanja. Havihitaji bajeti wala mfadhili, wala semina. Ni mistari miwili kwenye karatasi ambayo mtu mwenye kalamu anaweza kuifuta akiwa amekaa. Nimeshaliandika ombi hili kistaarabu, kupitia kwa mkuu wa shule, na likajibiwa kwamba limepokelewa. Vijana waliokuwa wakilingoja wameshamaliza kidato cha nne. Mmoja anaendesha bodaboda hapa stendi na huwa hanitozi nauli. Nilimfundisha kemia miaka minne, Mheshimiwa, na hajawahi kuiona rangi ikigeuka.

Matokeo yakitoka, utatuma barua ya kunitaka nijieleze kwa nini kuna F nyingi kiasi hicho. Ili nisipoteze muda wa serikali, barua ya kujieleza ya mwaka huu nimeshaiandika na kuisaini, naiambatisha hapa. Idadi ya F nimeiacha wazi, ujaze mwenyewe.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kemia (na Fizikia)

Viambatisho: barua ya kujieleza, nakala moja, picha ndogo mbili za Mwalimu Ringi, mandhari ya bluu.