Barua za Walioliwa

Wiki hii mfuko wa posta umeniletea barua ambazo, kana kwamba waandishi wake walikutana kwanza wakashauriana, zote zahusu poka, ile inayochezwa mezani, uso kwa uso, kwa fedha taslimu. Na zote zimeandikwa na watu walioliwa, kwa maana mtu aliyekula hamwandikii mshauri, huagiza biriani. Wenye suala la halali na haramu nawaomba walipeleke kwa masheikh, ambao jibu lao litakuwa fupi kuliko langu na aghalabu litawaokolea fedha nyingi zaidi. Mimi nitajibu yale niliyoulizwa, na machache ambayo sikuulizwa.

Mheshimiwa Mshauri, Ijumaa usiku nilikuwa katika kasino moja ya Nairobi. Yapata saa tano nikagawiwa ree mbili. Jamaa mmoja mwenye wafalme wawili akasukuma kete zake zote, nami nikaitika kwa furaha. Karata ya mwisho ikawa mfalme. Baada ya hapo sikuona tena mchezo mzuri, na ilipofika saa kumi alfajiri nilikuwa sina kitu. Je, ree mbili huchezwaje?
— Mwenye Ree Mbili, Nairobi

Ndugu yangu, ree mbili huchezwa vilevile kama ulivyozicheza. Katika karata 52 mna namna 1,326 za kupata karata mbili, na katika hizo ni sita tu zilizo ree kwa ree, hata ikawa mtu huzipata kwa wastani mara moja katika kila michezo 221. Na mezani, ambako mgawaji ni binadamu mwenye vidole, na wachezaji hutafakari, hubishana na kuagiza kahawa, haigawiwi michezo zaidi ya ishirini na tano au thelathini kwa saa, ndipo aweza mtu kuketi tangu magharibi hata alfajiri asizione. Wewe ulizipata, ukakutana na mwenye wafalme, na hapo ulikuwa na haki ya kushinda mara nne katika kila tano, na kidogo zaidi. Ile mara ya tano nayo ina mwenyewe, na Ijumaa ilikuwa zamu ya jamaa yule. Hukukosea lolote, na kwa kuwa hukukosea, hapana la kujifunza pale, hata ukiihadithia karata ile mpaka wajukuu zako waihifadhi kwa moyo.

Lakini barua yako ina maneno uliyoyapitisha haraka haraka, ukidhani sitayaona. Wasema kuwa baada ya hapo hukuona tena mchezo mzuri. Toka saa tano ya usiku hata saa kumi ya alfajiri ni saa tano kamili, na kwa kadiri niliyokwisha kuitaja ni michezo mia na zaidi. Nami siamini kwamba katika michezo mia na zaidi nasibu haikukupa hata mara moja karata za kukufaa. Ilikupa, ila hukuziona, kwa sababu tangu wakati ule ulikuwa huchezi tena na meza nzima bali na mtu mmoja, ukiitika madau yake kwa karata yoyote iliyokuangukia, ili akurudishie haki yako mtu ambaye hakukuibia. Hayo, ndugu yangu, ndiyo niliyotaka uniandikie, nawe umeyaficha katika mstari mmoja, ilhali mfalme wa watu, asiye na hatia yoyote, umempa ukurasa na nusu.

Nimeona kwa walioliwa wengi jambo ambalo sijalisoma popote: ghadhabu ya karata haina ubunifu. Haimfundishi mtu upumbavu mpya, bali humrudishia ule wa zamani alioudhani amekwisha kuuacha. Aliyekuwa na desturi ya kuitika kila dau alipoanza mchezo huu miaka kadha nyuma, akajikataza, akasifiwa, usiku wa fadhaa ataitika tena kila dau. Na aliyekuwa na desturi ya kudanganya kwa karata tupu atadanganya tena, mbele ya watu wasiodanganyika. Kwa hiyo maradhi yako wayajua tangu awali, na dalili zake si ngeni kwako. Siku nyingine ukiona desturi yako ya zamani imeketi kitini pako, inuka uende nje. Desturi ya vyumba vya karata yaruhusu mtu kutoka kwa muda, kete zake zikabaki mezani zikimngoja. Ukirudi watakudai dau la lazima lililokupita, nalo, ukilipima na ulichopoteza baina ya saa tano na saa kumi, ni ada ndogo mno ya kupigwa na upepo.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha teksi Las Vegas, na siku za mapumziko huketi katika meza ndogo, ile ya dau la lazima la dola moja na la dola tatu. Juzi nimepoteza dola 600. Nakuletea orodha ya michezo yote niliyoshindwa unioneshe makosa. Kuna mmoja mkubwa nilioshinda, ila huo hauna haja.
— Mtanga wa Jangwani

Marahaba, mwanangu. Orodha yako nimeisoma yote, na nusu yake haina kosa lolote ila kuliwa. Huo usio na haja ndio nilioutafuta, na kwa bahati njema hukuweza kujizuia usiusimulie pembeni mwa karatasi.

Ulikuwa na shupaza mbili mkononi, na katika karata nne zilizofunuliwa mezani mlikuwa na shupaza mbili nyingine. Katikati ya meza zilikuwapo dola 100. Mwenzako akaweka dola 100 zake za mwisho. Ukaitika, ikaja shupaza ya tano, meza ikapiga kelele, nawe ukajiona bingwa. Sasa tufanye hesabu, maadam kelele zimekwisha. Ulitoa 100 ili upate 200, na biashara ya namna hiyo haina hasara kwa mwenye kushinda walau mara moja katika tatu. Karata usizoziona zilikuwa 46, na ndani yake shupaza tisa tu, maana yake ni mara moja katika tano. Lau mchezo ule ungechezwa mara 46, kila karata ikipewa zamu yake ya kufunuliwa, ungeshinda mara tisa ukapata dola 1,800, na ungeshindwa mara thelathini na saba ukapoteza dola 3,700. Mwenzako hakuwa amebakiwa na senti ya kukuongezea baada ya hapo, basi hata udhuru wa kwamba ungemkamua zaidi huna. Lile lilikuwa kosa kubwa kupita yote uliyoyafanya usiku ule, na ndilo la pekee ulilolipwa.

Mkwezi aliyepanda mnazi bila ya kitanzi cha miguuni, akashuka salama na madafu yake, hawezi kuambiwa neno siku ile; na kesho yake hupanda vivyo hivyo, tena mnazi mrefu zaidi. Tazama orodha yako, mchezo wa nne, wa saba na wa tisa. Katika yote mitatu umeitika dau zima kwa kungoja karata moja, na katika yote mitatu umeandika ubavuni, “bahati mbaya”. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa ni ule ule mchezo ulioushinda, umerudi kudai ulichokopeshwa. Hasara ina fadhila moja, kwamba humfanya mtu aulize hata kama auliza vibaya. Lakini nani amewahi kupanga foleni kwa mshauri akiwa na faida mkononi, aseme, “Niangalie hii, nahofu kwamba nimeipata kwa ujinga”? Siku nyingine niletee orodha ya michezo uliyoshinda, na hiyo mingine uitupe njiani. Nisalimie abiria wako, na hasa wale watokao mezani alfajiri, ambao naamini unawatambua bila ya kuwauliza.

Mshauri, mimi sichezi. Mume wangu ndiye achezaye. Akila, hulala. Akiliwa, hunisimulia karata moja moja tangu chai mpaka adhuhuri, na hasa ile ya jamaa mmoja “aliyenyamaza, nikadhani hana kitu”. Sijui ree wala ghulamu. Nifanyeje?
— Msikilizaji, Dar es Salaam

Bibi, pole sana. Na ujue kwamba huko peke yako. Mwaka 2020 Maria Konnikova, mwandishi wa Marekani mwenye shahada ya udaktari katika saikolojia, alitoa kitabu kiitwacho The Biggest Bluff, juu ya namna alivyojifunza poka kwa Erik Seidel, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huo; na miongoni mwa mambo aliyofundishwa mapema ni kwamba mwalimu wake hakutaka kusikia hadithi za karata mbaya zilizomwangukia. Alichotaka kusikia ni jinsi alivyofikiri kabla ya kutenda.

Na mwalimu yule alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa aliyeliwa na jamaa aliyenyamaza ni yeye, tena mbele ya kamera. Mwaka 1988, katika kasino ya Binion's Horseshoe huko Las Vegas, mashindano makuu ya poka ya dunia yalibakiwa na watu wawili, Seidel na Johnny Chan, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia. Seidel alikuwa na malkia na saba. Zikafunuliwa malkia, nane na kumi, akajiona ana jozi ya juu kabisa. Kumbe Chan alikuwa na ghulamu na tisa, mfululizo wake umekwisha kutimia tangu karata tatu za kwanza. Chan akajifanya mnyonge mpaka karata ya tano ilipofunuliwa, ndipo Seidel akasukuma kete zake zote, akaitikwa papo hapo. Bingwa alipata dola 700,000, na wa pili dola 280,000. Kana kwamba hiyo haikutosha, mwaka 1998 ikatoka filamu ya Rounders, na ndani yake mkatiwa picha zile zile za kosa lile, watu wa mabara yote wakalitazama wakila bisi. Mtu mwingine angelihama mji. Yeye aliendelea kucheza, na kufikia mwaka 2023 alikuwa amekwisha kushinda bangili kumi, ambazo ndizo nishani za washindi, katika mfululizo wa mashindano yale yale.

Basi mume wako akianza, usimwulize jamaa yule alikuwa na karata gani, wala usimpe pole. Mwulize swali moja tu, kwa upole, ukimmiminia chai: “Wakati ulipokuwa ukiweka, kabla hajafunua, ulikuwa ukijua nini?” Akikujibu kwa yale aliyoyajua wakati ule, kwamba labda jamaa yule si mtu wa kunyamaza bure, na kwamba alikwisha kumwona akifanya vile mara mbili tangu jioni, msikilize, maana hapo mna elimu. Akikujibu kwa yaliyofunuliwa baadaye, ondoa birika. Na fedha ya kodi ya nyumba ikae katika pindo la kanga yako. Hilo hukuniuliza, ila nimeliona kati ya mistari.

Bwana Mshauri, mimi ninalo daftari. Kila kosa nalitia wino, na sasa nina kurasa themanini. Mbona naliwa vilevile?
— Katibu, Mombasa

Bwana Katibu, kurasa mbili ulizoniletea kwa mfano nimezisoma kwa furaha. Najua sasa kwamba bwana wa kofia nyekundu hupandisha dau akiwa hana kitu, kwamba mama wa miwani hagusi kete zake ila awe na jozi kubwa, na kwamba kijana akaaye kushoto kwako ni mpumbavu wa kutupwa. Mtu mmoja tu katika meza ile sikumwona, naye ndiye mwenye kalamu. Tena naona umeandika yote nyumbani, asubuhi yake, wakati ambapo kumbukumbu ya mtu imekwisha kujiajiri kuwa wakili wake. Andika pale pale, ukishatupa karata zako na wengine wakiendelea. Mchezaji mwenye busara hutupa karata mara nyingi kuliko anavyozicheza, basi nafasi ya mstari mmoja haikosekani. Kisha linganisha mstari ule na utakavyosimulia kesho. Ikiwa vyafanana, nitastaajabu.

Mshauri, nimepoteza zote, nimebaki na nauli. Nikope kwa jirani yangu wa mezani ili nirejeshe?
— Mwenye Haraka

La.

Mshauri, je, mkopeshaji akiwa ni shemeji?
— Mwenye Haraka

La, na umsalimu.

Tangazo. Msomaji wetu wa Mtwara aliyetia noti zenye jumla ya shilingi elfu ishirini ndani ya bahasha, akaniomba nimwekee dau mimi mwenyewe “kwa kuwa una elimu ya makosa”, anaarifiwa kwamba fedha yake i salama kwa karani wa ofisi, nayo haijapungua. Aje aichukue siku yoyote ya kazi kabla ya saa tisa. Akimtuma mtu badala yake, asimtume yule Mwenye Haraka.