Sifa za Betri Iliyokata

Pikipiki ya umeme ikikata chaji katikati ya mvua ya Aprili, kati ya Amagoro na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu wa vibandani hucheka. Wanacheka kwa sababu hawajui waheshimiwa.

Betri hiyo ni msema kweli. Petroli ina ulaghai: mshale umelala chini kabisa, na bado mwendeshaji anakuapia, "Tutafika, mama." Betri huandika asilimia 9, na zikiisha zimeisha. Tena haina kisingizio. Kule Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme, betri ikipunguza safari wakati wa baridi huisingizia theluji: kemikali za ndani zimezubaa, na kipasha joto nacho kimekula sehemu yake. Malaba haina theluji. Lawama ni za abiria wawili, gunia la mahindi na tope, na betri yetu huzibeba zote kimya, bila moshi.

Magendo pia haiyajui. Mtungi wa petroli unaweza kupita njia za panya usiku ukavuka mto. Umeme hauingii mtungini. Wenyewe huvuka mpaka kwa heshima zake: tangu miaka ya 1950 bwawa la Jinja limeiuzia Kenya umeme kwa waya wa Tororo, na hata Januari 2022, malori yalipopanga foleni ya makumi ya kilomita kwa sababu ya vipimo vya Korona, waya haukupanga foleni na yeyote. (Wala haukutudondoshea chaji ya simu.)

Lakini sifa yake kuu ni kuhifadhi mila. Bodaboda ilizaliwa mipakani huku, Busia na Malaba, vijana wa baiskeli walipowavusha wasafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine wakiita "boda! boda!" Injini ilikuwa miguu, chaji ikawa ugali wa wimbi na muhogo. Pikipiki ya petroli ilitusahaulisha hayo yote. Betri ikikata, mwendeshaji hushuka akashika usukani, nami abiria wake, viatu mkononi, nasukuma kwa nyuma. Nauli ni ileile.

Basi, msomaji, ukitukuta karibu na Amagoro, shika nyuma usukume. Soketi ya karibu iko kwa kinyozi, na kinyozi amefunga: stima imepotea.