Uzi Umegoma, Shemeji Hana Kosa

Kudarizi kwa cherehani kunaanza kwa kuyastaafisha meno, vile vyuma vidogo vilivyo chini ya sindano vinavyosukuma kitambaa. Mmarekani Allen Wilson aliyapatia hataza mwaka 1854. Anayechora maua kwenye foronya, au anayeshindilia pamba ndani ya mfarishi kwa mishono ya kuzungukazunguka, huyashusha, au huyafunika kwa bamba iwapo cherehani yake ya miguu haina skrubu ya kuyashushia. Mguu wa kukandamiza kitambaa nao huondolewa. Tangu hapo urefu wa mshono hutegemea kasi ya pedali na mwendo wa mkono, na ndipo barua za malalamiko zinapoanza kuandikwa.

Ya kwanza inatoka Salale, kwenye delta ya Rufiji. Uzi unajikusanya chini ya kitambaa, na mlalamikaji anamshuku shemeji yake, aliyeisifia cherehani bila kusema mashallah. Shemeji aachwe. Mguu ukishaondolewa, wengi huona hakuna haja ya kushusha wenzo wake. Wenzo ukibaki juu, visahani vya kukazia uzi hubaki wazi, uzi wa juu haushikwi na kitu, nao huzama chini na kujisokota. Wenzo ushushwe hata kama hakuna mguu. Uzi wa bobini nao uvutwe juu kwanza, na ncha zote mbili zishikwe kwa mishono michache ya mwanzo. Watu huhangaika na bobini kwa sababu fujo inaonekana chini, ilhali chanzo, karibu kila mara, kiko juu.

Fundi wa Nyamisati anavunja sindano na kumlaumu muuza duka. Sindano huvunjika pale mkono unapovuta kitambaa wakati sindano bado imo ndani yake: hupinda, ikagonga bamba. Mguu ulio kwenye pedali uchangamke, mkono utulie. Kwa mfarishi mnene, namba 14 ni ya kuanzia. Namba 11 iachiwe vitambaa vyepesi. Mishono ikirukwa, itazamwe ringi ya kukazia kitambaa. Anayedarizi kwa mkono huweka kitambaa juu ya ringi; kwenye cherehani ringi hugeuzwa, kitambaa kikalala chini kabisa, kikiwa kimekazwa na kugusa bamba. Kikining'inia, hupanda pamoja na sindano, na ndoano ya chini hukosa uzi wa kudaka. Sindano iliyopachikwa kinyume huleta kasoro hiyohiyo: ubapa wake huelekea upande usioingilia uzi.

Kutoka Mbwera, hukohuko deltani, linakuja swali la mafuta. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na hewa inayoilea mikoko hiyo haina huruma na chuma. Sindano yenye kutu, hata kidogo tu, hukwaruza uzi hadi ukatike, kwa hiyo sindano zitunzwe ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na kitambaa kilichopakwa mafuta. Muulizaji anataka kujua kama mafuta ya nazi yanafaa kulainisha cherehani. Yanafaa kwa nywele. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Yaliyokwisha kuganda huyeyushwa kwa mafuta ya taa, vyuma vikafutwa hadi vikauke, kisha yakatiwa mafuta ya cherehani yenyewe.

Mlalamikaji wa mwisho, wa Kibiti mjini, amekwisha kuzungusha kila skrubu aliyoiona. Utaratibu ni kinyume: uzi wa juu utungwe upya, sindano ibadilishwe, mavumbi ya nyuzi yasafishwe, ndipo skrubu ya kikombe cha bobini iguswe, tena kwa robo ya mzunguko. Kikombe kikining'inizwa kwa uzi wake hakipaswi kuanguka chenyewe, ila kishuke kidogo kinapotikiswa. Yote hayo yakifanywa na mishono bado inarukwa, huenda majira ya ndoano na sindano yamepishana, na hilo halirekebishwi kwa kubahatisha. Mlalamikaji aipeleke cherehani kwa fundi wa mashine, pamoja na skrubu zilizobaki.