Jirani, Inamisha Hilo Litaa

Jamani, kuna watu wanafanya zamu ya usiku bila mshahara. Mimi mmojawapo. Zamu yenyewe naifanyia kitandani kwangu, chali, macho kodo, naitazama dari. Niulize dari yangu ina mbao ngapi, nitakwambia. Niulize ipi imeliwa na mchwa, nitakwambia pia.

Sababu ni litaa la jirani. Si taa, ni litaa. Jirani yangu wa ghorofa kapandisha juu ya ukuta dude pana kama sinia la pilau. La sola. Weupe wake unauma meno. Ati la ulinzi. Sawa, linda basi kwako! Kaligeuzia kwangu. Geti lake giza totoro, chumba changu mchana kweupe. Mimi na bati langu lenye kutu tunalindwa bure, na hatukuomba.

Pazia langu la kitenge limenyoosha mikono. Mwanga unapita bila hodi. Mama Watoto yeye kafurahi, saa sita usiku anachambua mchele kitandani, ati anaokoa uniti za LUKU. Akimaliza mchele ananichambua mimi. "Baba, hiyo singlendi ina matundu mangapi?" "Hivi hizo mvi zimeanza lini?" Zamani giza lilikuwa linanisitiri, bana. Mwanaume ukivua shati usiku unabaki na heshima yako. Sasa kila kitu hadharani.

Ningeomba umeme ukatike. Lakini si nimekwambia ni la sola? Mtaa mzima ukizimika, lenyewe ndiyo kwanza linatamba. Lingekuwa la LUKU ningevumilia mpaka uniti zimwishie. Sasa jua la Dar es Salaam nani atalikata?

Halafu kuna jogoo. Nina jogoo mmoja, mwenye adabu zake, alikuwa anawika na adhana ya alfajiri, basi. Litaa lilipokuja, akavurugwa. Saa saba usiku kapanda juu ya banda, anawika. Saa tisa anawika. Akiona mwanga anajua kumekucha, utamlaumu? Mtaa ukachoka. Watu wakaenda kwa mjumbe kushtaki. Unadhani walimshtaki mwenye litaa? Thubutu! Wakanishtaki mimi.

Na mimi siku hiyo nilikuwa nimejiandaa kwenda kushtaki litaa. Nimevaa shati langu la harusini. Naingia tu, nafungua mdomo, mjumbe ananiambia, "Kaa pale, wewe ndiye mshtakiwa." Jirani yupo kwenye benchi, uso mlaini, mtu aliyelala akashiba. Anaeleza kwa uchungu kwamba jogoo wangu anamkatisha usingizi. Usingizi! Nikasema, mjumbe, jogoo anawika kwa sababu ya taa. Watu wakacheka. Mjumbe akaniuliza kama jogoo kanieleza mwenyewe. Hukumu ikatoka: kuku alazwe ndani. Sasa jogoo analala jikoni kwangu, penye giza tele, hata hageuki. Mimi niko chumbani na mwanga. Kuna siku nitaomba tubadilishane.

Nikamwita fundi umeme nimlilie. Akalitazama litaa, akasema hilo ni la kelvini 6500. Nikadhani bei, nikamwambia mbona rahisi. Kumbe ni rangi ya mwanga. Namba ikipanda mwanga unakuwa mweupe wa kukaribia bluu. Ikishuka mpaka 3000 au 2700 unakuwa wa njano, ule wa balbu za zamani tulizosomea. Huo mweupe, anasema, ndio hasa unaoudanganya ubongo kwamba bado mchana, mwili ukazuia melatonini, homoni ya usiku inayotuandaa kulala. Nikamwambia ubongo wangu hata mchana wenyewe hauna uhakika. Hakucheka. Mafundi hawa wana kiburi.

Akaniambia dawa wala si kuzima. Taa ya nje kazi yake ni kumulika chini, pale mtu anapokanyaga. Ukiielekeza juu au pembeni unawamulikia popo. Kwa hiyo unalegeza boliti, unaiinamisha, unaivika kofia ya bati mwanga usitoroke. Basi. Na mengi ya haya ya sola yana sensa: mtu akipita linawaka, akiondoka linafifia. Ni kubonyeza rimoti tu, inakuja humo humo kwenye boksi. Sasa rimoti ya jirani mimi naijua. Mwanawe anaichezea barabarani, ndiyo simu yake. Juzi kanipigia mimi, na nikapokea.

Utasema, lakini ulinzi? Ulinzi gani? Nimeibiwa ndoo na kandambili chini ya litaa hilo hilo. Vijana wa ulinzi shirikishi walikuwepo. Mimi nilikuwepo, niko macho, nitakuwa wapi? Ukitazama upande ule unaona weupe mtupu. Mwanga mkali ukikupiga usoni huoni kilicho nyuma yake, na nyuma yake ndiko kuna kivuli kinene, mwizi katulia zake. Yeye alituona vizuri sana. Nadhani hata saizi ya kandambili aliisomea kule kule.

Mpwa wangu, msomi wa chuo anayelala kwangu na kula kwangu, anasema mjomba, hauko peke yako. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa ramani ya dunia wakaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga wa taa. Theluthi nzima ya binadamu hawaioni tena Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota. Los Angeles mwaka 1994 tetemeko lilikata umeme alfajiri, watu wakatoka nje, wakaona anga limejaa nyota, wakapiga simu kituo cha kutazamia nyota kuuliza kumetokea nini. Sisi umeme ukikatika tunapiga simu kuuliza unarudi saa ngapi. Anasema mji wa Flagstaff, Arizona, ulianza kuweka sheria za taa tangu 1958, na mwaka 2012 hifadhi ya NamibRand kule Namibia ilitambuliwa kimataifa kwa uzuri wa giza lake. Giza linapewa cheti! Mimi nimekulia kijijini kwenye giza la daraja la kwanza, nani kaniletea cheti?

Babu yangu alikuwa akikiona Kilimia, lile kundi la nyota, anatoa jembe. Mwanangu kaambiwa shuleni achore anga la usiku. Kachora ukuta, nguzo na litaa. Mwalimu kampa tiki.

Mpwa wangu anasema pia kule Mafia kasa wanataga mchangani, na vitoto vikitotolewa usiku vinafuata upande wenye mwanga zaidi, maana kwa asili huko ndiko baharini. Pakiwa na taa kali nchi kavu, vinakwenda kwenye taa na vinaweza kufia huko. Iliniuma sana. Maana na mimi nikitoka chooni usiku, choo cha nje, linanipiga machoni, napapasa ukuta, najikuta kwenye mlango wa jirani na taulo. Mbwa wake kashanizoea.

Hata kumbikumbi, mvua ikinyesha, wote wanakwenda kwake. Watoto wangu wanabeba ndoo kwenda kuomba kumbikumbi ghorofani. Masaka, Uganda, watu wanawasha taa kali usiku kunasa senene, wanauza, wanakula. Mimi mwanga ninao bure, senene sioni, nimenasa usaha wa macho.

Sasa jirani, najua gazeti hili unalinunua, maana mimi huwa naliazima kwako. Sisemi ulizime. Linda ghorofa yako, ni haki yako. Ila mnyang'anye mtoto rimoti, uliweke kwenye sensa. Siku ukibadilisha, chukua lenye mwanga wa njano. Na boliti ile ilegezwe, litazame geti lako. Bati la kofia nitalitoa mimi. Spana ninayo. Ngazi pia ninayo, ni ile ya kwako niliyoiazima, nitakuja nayo Jumapili.