Masega Yako Wapi, Mzee?

Mkaguzi wa magari alichomeka kipimo cha moshi kwenye pikapu yangu, akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Bomba likakohoa, likatema donge jeusi la waya wa kusugulia sufuria, likatua juu ya kiatu chake. Akalitazama. Akachukua nyundo, akainama, akagonga kikopo kilicho chini ya gari, na mlio wake ukafika mwisho wa foleni. Dereva wa kanta ya viazi vya Molo ndiye aliyesema kwa sauti: "Debe tupu!" Wakacheka hata makanga wa matatu ambazo, najua, hazina breki.

"Mzee," mkaguzi akauliza kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, "masega yako wapi?"

Mara ya mwisho yalikuwamo nilipompelekea fundi wa jua kali gari achomelee ufa kwenye bomba. Nimemrudia. Hakukana. "Lakini bosi, si imekuwa nyepesi?"

Niacheni niwaeleze nilichoibiwa, maana tangu siku ile sisomi kitu kingine. Ndani ya kikopo kile mna kigae chenye vitundu vyembamba mno, ndiyo masega yenyewe, na moshi wote hupita humo. Kuta zake zimepakwa utando wa platini, paladi na rodi. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi ileile inayowaua waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Kigae kikishapata moto wa nyuzi mia tatu hivi, platini huikutanisha na oksijeni, nayo hutoka ikiwa kaboni dioksidi. Rodi hufanya kinyume: huzipokonya oksidi za nitrojeni oksijeni yake, ikabaki nitrojeni tupu, iliyojaa hewani tangu zamani. Yaani chini ya sakafu ya pikapu ya kabeji, huyu anapewa na yule ananyang'anywa, kwa wakati mmoja, na hakuna gia wala mkanda unaozunguka! Wala madini yenyewe hayaliwi na kazi hiyo. Adui yake mkubwa alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, kwani ilikuwa ikiyafunika. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilipigana nayo. Afrika kusini mwa Sahara ikaiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, 2021. Fundi wangu aliyabatilisha yote hayo kwa patasi kabla ya chai ya saa nne.

Kwa nini? Kwa sababu rodi ni ghali kuliko dhahabu. Mnunuzi wa masega hajifichi, nimeona matangazo yake na namba ya simu juu yake. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu kwa ajili ya nguzo za umeme zilizokuwa zikibomolewa, ikaifungua tena Mei. Nguzo angalau zilipewa likizo. Gari la mtumba haliingii nchini likiwa limepita miaka minane, tunaambiwa ni kwa faida yetu, kisha linachokolewa matumbo hadharani na hakuna anayeuliza, mpaka siku mwenye kuibiwa anapokuja kutafuta stika ya ukaguzi. Hapo sheria inapata macho. Anayeandikiwa kosa ni mimi, na moshi ninauvuta mimi, pamoja na ule wa malori ya Uganda yanayopanda Mau Summit kwa gia ya kwanza. Fundi amenunua pikipiki.

Niliporudi na sega la mtumba, niliangushwa kwa kizimamoto kilichopitwa na muda. Niliporudi na kizimamoto, stima zilikuwa zimepotea.

Safari hii nilikuja nimelizungushia sega ngome ya nondo, imechomelewa pande zote, patasi haipiti. Mkaguzi aliinama, akaisifu kazi, akauliza nani aliichomelea. Kisha akaandika: gari limefanyiwa mabadiliko bila kibali.