Kubadili Gia Angani: Mambo Saba kwa Mwenye Chaneli

Huko YouTube watu wanabadili gia angani kila kukicha. Aliyekuwa anachekesha sasa anafundisha ufugaji wa kuku, na aliyekuwa anasuka nywele sasa anachambua mechi za Simba na Yanga. Mimi ni shabiki wao, tena shabiki wa vuvuzela. Anayethubutu kuacha kinachomchosha akashika anachokipenda anastahili makofi, na anastahili pia kuambiwa ukweli mapema. Basi tuhesabu kurudi nyuma. Zito liko mwisho.

7. Jina

Tunaanza nalo kwa sababu kila anayehama huanza nalo: jina jipya, nembo mpya, rangi mpya, video mpya hakuna. YouTube inakuruhusu kubadili jina mara mbili ndani ya siku 14, kwa hiyo huna haja ya kulikeshea. Kama chaneli inaitwa Pilau TV na wewe unahamia bima ya afya, jina liondoke, hapo hatubishani. Kama ni jina lako mwenyewe, liache palepale. Mama Zuhura ni Mama Zuhura, awe anapika au anapanda mihogo.

6. Video za zamani

Usifute. Narudia kwa wale wa nyuma: usifute! Ili ulipwe mgao wa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video uliyoifuta au kuificha, saa zake hazihesabiwi tena. Mtu ana saa 3,600, anafanya usafi wa Idd kwenye chaneli, kesho yake anaamka na saa 900. Biriani ya mwaka jana ilikukosea nini? Zipange video za zamani kwenye orodha yake, ziendelee kukuletea wageni usiku ukiwa umelala.

5. Hata mwenye nyumba alihama

Hili ni la wale wanaoona aibu. Jina la YouTube lilisajiliwa tarehe 14 Februari 2005, siku ya wapendanao, na mwanzoni Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim walikuwa wakiwaza mtandao wa kutafutia wachumba kwa video. Watu hawakuja. Walitangaza hata kuwalipa wanawake ili wajirekodi, na bado kimya. Wakafungua mlango kwa video yoyote ile. Ya kwanza kabisa kwenye mtandao huo aliipakia Karim tarehe 23 Aprili mwaka huohuo, sekunde 19, amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego akieleza kwamba wana mikonga mirefu. Mwaka uliofuata Google ikainunua kampuni kwa dola bilioni 1.65.

Kwa hiyo shangazi akikuuliza mbona umeacha mapishi, mjibu kwa adabu: shikamoo shangazi, wenye mtandao nao waliacha uchumba wakafuata tembo.

4. Leseni

Uko Tanzania na unahamia habari na matukio? Kabla hujasema "habari za hivi punde", pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukachukue leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018, zimefanyiwa marekebisho, na habari ndiyo inayotazamwa kwa jicho kali zaidi. Vunja benki, lipia, kisha piga kelele kwa raha zako.

3. Mfumo haukulogi

Tuseme kuna dada wa Tanga mwenye wafuasi wengi wa visheti, tambi na mkate wa kumimina. Siku moja anapakia video ya kupanda mchicha kwenye viroba. Anafungua takwimu: mstari wa watazamaji unaporomoka ndani ya nusu dakika ya kwanza, na kwenye maoni wameshafika wazee wa kazi. "Dada, visheti vimeenda wapi?" Anaanza kuhisi mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Video mpya huonyeshwa sana kwa wale wale waliozoea kukutazama, na waliokuja kwa visheti wakiona kava lenye jembe hawabonyezi. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli hubonyezwa kati ya asilimia 2 na 10 ya mara ambazo kava zao zinaonyeshwa, kwa hiyo nafasi ilikuwa finyu tangu zamani. Na tangu 2012 mfumo wa YouTube wa kupendekeza video unapima zaidi muda ambao watu wanakaa wakitazama, kuliko hesabu tupu ya waliobonyeza. Unafuata watu. Watu wakiondoka, mfumo nao unaondoka.

Dawa ni kuhama kwa hatua. Video ya kwanza ya shambani, dada achume mchicha na aupike kwa nazi hapohapo, sufuria ionekane kwenye kava. Ya pili, jiko lipungue na udongo uongezeke: anasia mbegu, anaonyesha nafasi kati ya mistari, anamalizia kwa kuonja. Mchicha huchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia, kwa hiyo ana hadithi ya mwezi mzima yenye mwanzo na kitoweo. Siku atakapoona maoni yanauliza mbolea ni kiasi gani na si nazi ni ngapi, ajue wameshavuka naye. Hapo kava likae jembe peke yake.

2. Kufungua chaneli ya pili

Nzuri, lakini unaanza sifuri: wafuasi 1,000 upya, saa 4,000 upya, na kamera ni ileile moja. Mimi naishauri pale tu watazamaji wasipofanana hata kidogo. Kutoka katuni za watoto kwenda ushauri wa ndoa, fungua nyingine leo hii! Video za watoto hata sehemu ya maoni hufungwa, sasa ndoa mtaijadili wapi?

1. Walikufuata kwa lipi?

Mkenya Abel Mutua watu walimjua kupitia tamthilia ya Tahidi High kwenye televisheni. Akaja YouTube, akawa anakaa mbele ya kamera na kusimulia visa. Kisha akatengeneza filamu, Click Click Bang. Alibadili chombo mara kwa mara na watu wakaja naye, kwa kuwa walichokuwa wakikifuata ni masimulizi yake. Jimmy Donaldson, yule wa chaneli ya MrBeast, alianza 2012 akiwa na miaka 13 kwa video za michezo ya kompyuta. Januari 2017 akahesabu hadi 100,000 mbele ya kamera, kazi ya saa 40 hivi, na watu wakatazama. Walivutwa na ule ukaidi wake wa kumaliza jambo, na ndio alioendelea nao alipogeukia kugawa pesa.

Wewe je? Waulize. Weka kura kwenye ukurasa wa chaneli, soma maoni ya video zako tano zilizopendwa zaidi uone wanasifu nini: chakula, kicheko chako, au unavyoeleza taratibu kama unayemfundisha mdogo wako. Hicho ndicho cha kubeba. Kisha tangaza kwa mdomo wako mwenyewe, dakika mbili tu, kwamba kuanzia Jumamosi unalima na sababu ni hii. Anayeaga, mtakie heri. Anayebaki, mjibu kila swali. Na yule anayeuliza kila wiki visheti vinarudi lini, mkaangie hukohuko shambani.