Daftari la Wachelewaji

Wako watu wa Dar es Salaam, na baadhi yao ni jamaa zangu wa damu, wanaosadiki kwamba mwalimu aliyeajiriwa katika shule isiyo ya serikali iliyo kando ya bahari amekwisha kupewa nusu ya pepo kabla ya kufa. Wampigiapo simu humwuliza habari za upepo mwanana, za samaki wabichi na za jioni za ufukweni, na akiwajibu kwamba kwa wakati huo anakitafuta kiatu chake cha kushoto, wao hudhani ni mzaha wa mtu aliyeshiba. Kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya kijana yeyote mwenye shahada mpya aliyeona tangazo la kazi lenye picha ya mnazi, nimeona ni wajibu kueleza kwa utulivu jinsi elimu itolewavyo upande wetu.

Upande wetu ni Bungu, katika Wilaya ya Kibiti, walakini Bungu yenyewe haina bahari. Ni mji wa barabarani, juu ya njia kuu iendayo Kilwa, Lindi na Mtwara. Na mwenye kutaka bahari sharti aiache lami hapo na kushika njia ya Nyamisati, yapata kilomita 40, kati ya mikorosho na mashamba ya muhogo, hata afike bandarini wanapopanda chombo wasafiri waendao Mafia. Akifika hapo asishukuru bado, maana kwetu ni mbele zaidi, ndani ya delta ya Rufiji, mahali ambapo mto ule mkubwa hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kujisalimisha kwa bahari, na ambapo mikoko, michu, misinzi, mikandaa na mikomafi hufunika hekta 50,000 na zaidi, kiasi cha kumfanya mgeni asijue aliko mpaka aulize, na akiisha kuuliza asijue zaidi.

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipowahimiza watu binafsi kujenga shule, wengine walijenga kwa hamu ya thawabu, wengine kwa hamu ya faida, na mwenye shule yetu, ambaye makazi yake ni Dar es Salaam, alijenga kwa hamu ya zote mbili, pahali ambapo kiwanja kilipatikana kwa bei rahisi. Na sababu ya urahisi huo hudhihiri kila bamvua, maji yanapoingia mpaka kwenye nguzo za magoli. Yeye ndiye aliyetuletea ratiba, imechapwa kwa rangi na kutiwa katika fremu ya kioo, yenye kutamka kwamba kengele ya kwanza hulia saa 1:30 asubuhi, na kwamba mwanafunzi atakayeingia baada ya hapo jina lake litaandikwa. Ratiba hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji.

Wanafunzi wetu wengi hukaa ng'ambo ya mkondo, nao huja kwa mitumbwi, na mtumbwi hautembei juu ya tope. Bahari ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na kila siku hukawia kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, kwa kuwa huufuata mwezi na wala haijapata kulifuata jua, sembuse ratiba. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakafurika alfajiri na jioni, na kati ya nyakati hizo mkondo ukakauka hata kaa wakauvuka kwa miguu. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na kujaa kwake kudogo huangukia katikati ya asubuhi. Matokeo yake ni kwamba siku za bamvua wanafunzi walifika kabla ya adhana ya alfajiri, wakaketi barazani pa walimu na kukariri kanuni za kemia kwa sauti, ilhali sisi tungali vitandani. Siku zilizofuata walifika kwa wakati. Kisha wakachelewa kidogo, kisha zaidi, hata yalipotimia maji mafu wakawa wanaingia darasani saa nne, wakavu na watulivu, wakati mwalimu wa Hisabati anafuta ubao.

Makamu wa mkuu wa shule ni mtu wa bara, msomi wa utawala, mwenye kuamini kwamba kila dosari ya dunia hii hutokana na upungufu wa madaftari. Aliamuru lifunguliwe daftari la wachelewaji, lenye safu ya tarehe, safu ya jina, safu ya saa ya kuingia na safu ya sababu, na kwa kuwa zamu ilikuwa yangu, kalamu nikapewa mimi. Katika safu ya sababu niliandika "maji", na chini yake "maji", na chini yake tena "maji", mpaka ukurasa ulipojaa. Makamu alipoukagua alikasirika, akasema kwamba maji si sababu bali ni mazingira. Tangu siku hiyo nikaandika "mazingira".

Isidhaniwe kwamba safu hiyo haikupata sababu nyingine iliyo tofauti. Rufiji ni makao ya viboko na mamba tangu azali, na wanyama hao hawajaarifiwa juu ya kengele. Siku moja mtoto wa kidato cha kwanza alileta barua ya babu yake, imeandikwa kwa hati nzuri kuliko ya walimu wengi, isemayo kwamba mjukuu hakuja jana kwa kuwa kiboko alilala njiani, na mwandishi hakuwa na mamlaka ya kumwamsha. Makamu akadai ushahidi. Asubuhi yake mzee mwenyewe alifika, kofia mkononi na upondo begani, akamsalimu kwa taadhima, akasema, "Mwalimu, shahidi bado yuko pale pale, twende ukamhoji." Barua ilikubaliwa bila ya mahojiano.

Fauka ya hayo, mwalimu wa shule isiyo ya serikali hubeba mzigo ambao mwenzake wa serikalini hausikii ila kwa hadithi, nao ni ada. Wazazi wetu ni wakulima wa korosho upande wa nchi kavu, na wakulima wa mpunga na wavuvi upande wa maji. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba hivi, hupelekwa katika chama cha ushirika, hulala ghalani kungoja mnada, na mkulima hurudi nyumbani na stakabadhi. Kwa hiyo kuna majuma ambayo mzazi hushika karatasi ya ghala, mhasibu hushika karatasi ya mzazi, na mimi hushika karatasi ya mhasibu, na katika mlolongo huo mzima hakuna aliyeshika fedha. Wavuvi, kwa uungwana wao, hawapendi kudaiwa muda mrefu, basi huleta walicho nacho. Mhasibu alikataa mara ya kwanza, lakini samaki hawana subira ya kungoja uamuzi wa bodi, nasi hatukuwa na jokofu. Hatima yake stakabadhi ikaandikwa, kamba wakapimwa, na walimu wakagawiwa kama sehemu ya mshahara. Nimewahi kula ada ya muhula wa pili ikiwa imepikwa kwa nazi, nami nakiri kwamba haikuwa na upungufu wowote.

Wale wasioleta hufuatwa, na mfuataji ni mwalimu. Katika safari mojawapo ya namna hiyo, maji yakiwa yamekupwa, tope la mikoko lilinishika mpaka magotini, nikabaki nimesimama huku mkoba wa shule nimeuinua juu ya kichwa. Akapita mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, ametoka kuokota chaza. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto wa shule na za mkuu wa shule, nami nikamjibu zote kwamba ni njema. Akauliza kama Dar es Salaam mvua zimenyesha, nikasema zimenyesha kiasi. Alipoona kwamba haki ya salamu imetimia ndipo aliponiuliza, kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima, kama ningependa kuvutwa. Nilivutwa. Kiatu cha kushoto kilibaki, na baada ya siku chache mwanawe alikileta darasani, akanihakikishia kwamba kaa aliyekuwa amehamia humo ameondoka kwa hiari.

Watoto wa namna hii si rahisi kuwafundisha Historia ya mahali pao. Nilipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza niliwaeleza habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha humu humu katika mikono ya Rufiji, ikazingirwa kwa miezi kadhaa kwa kuwa merikebu kubwa za Waingereza zilishindwa kuingia kwa uchache wa kina, mpaka zilipoletwa Severn na Mersey, vyombo vyepesi vyenye mizinga mizito, vikaongozwa na ndege kutoka angani, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wa Königsberg wakaizamisha wenyewe baada ya manowari hiyo kuumizwa vibaya. Katika mtihani niliuliza ni nini kilichoamua vita vile. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaka mizinga, ndege na uchovu wa Wajerumani. Darasa zima, kwa kauli moja, liliandika "maji", na mmoja aliongeza kwamba wageni wote wawili hawakumwuliza mtu. Nilitafuta njia ya kuwapa sifuri nisiipate, kwa maana kama si kina cha mkondo vita vile vingalikwisha katika juma moja. Nikawapa nusu ya alama, na makamu akaniuliza kwa nini sikusahihisha kwa kufuata mwongozo, nami nikamjibu kwamba ni mazingira.

Hatimaye walikuja wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora. Walilala Bungu, wakanywa chai kwa nafasi, wakashuka Nyamisati na kupanda mashua kwa saa waliyoipenda wao, siku ya bamvua. Na kwenye saa tatu, maji yakikimbilia baharini, mashua yao ilikaa juu ya tope mbele ya macho yetu, karibu kiasi cha kusikia kengele, mbali kiasi cha kutoweza kushuka na viatu vya ofisini. Makamu hakukubali kwamba siku aliyoingoja muhula mzima ipotee. Majalada yalibebwa vichwani na vijana wa kidato cha tatu, maandalio ya masomo yakapitishwa juu ya ubavu wa mashua, vyoo vikaelezwa kwa kuonyeshwa kidole, na mimi nikafundisha sehemu ya kipindi nikiwa nimesimama topeni, kwa kuwa mkaguzi mmoja alitaka kuona ushirikishwaji wa mwanafunzi.

Katika majalada hayo lilikuwamo daftari la wachelewaji. Kiongozi wao, mama wa makamo mwenye miwani, alilifungua kwa sababu hakuwa na jingine la kufungua. Akasoma ukurasa, akarudi nyuma siku 15, akafuata mistari kwa kidole, akanyamaza. Kisha akawaambia wenzake, "Bamvua lililopita mtoto huyu aliyakosa maji ya alfajiri, akaingia shuleni saa nane na nusu mchana. Basi na sisi tutaingia saa nane na nusu mchana." Waliagiza madafu, wakavua makoti, wakangoja, na saa nane na nusu, mbele ya mashahidi, mashua ilielea. Ripoti yao ilikuwa na mengi ya kutusikitisha juu ya maktaba na maabara, lakini ilisifu kumbukumbu za mahudhurio kwa usahihi wake, na ikashauri ratiba ioanishwe na mazingira. Makamu aliitia ripoti hiyo katika fremu, kando ya ratiba, na zote mbili zingali ukutani zikipingana.

Habari ya daftari ikasafiri. Wazee wa mkondoni, ambao huutazama mwezi mara moja na kujua yote, walicheka kwa siku kadhaa. Lakini wachuuzi wa kaa na kamba watokao Bungu, watu wa nchi kavu wanaojua saa za mabasi tu, walianza kuja ofisini na simu zao kupiga picha kurasa, ili wajue mzigo utafika bandarini wakati gani. Mmoja wao, mtu mwenye adabu nyingi, alimwendea makamu, akavua kofia, akashukuru kwa niaba ya wenzake, akasema kwamba daftari limemfaa katika biashara yake kuliko mkopo wowote, isipokuwa lina aibu moja ndogo, nayo ni kwamba linaishia jana. Akauliza kama ingewezekana, kwa ada ya haki na kwa fedha taslimu, waandikwe mapema wachelewaji wa mwezi ujao.

Makamu, ambaye hajapata kukataa ombi lenye daftari ndani yake, aliniagiza nianze usiku huo huo. Nilianza na mjukuu wa yule mzee wa kiboko, ambaye siku ya bamvua la mwezi mwandamo ataingia saa nane na nusu mchana, kwa sababu ya mazingira.